Friji la Mjapani, Kabati la Bibi

Jumamosi, kwenye basi la Southall, huku ughaibuni, mbele yangu alikaa mama wa Mombasa na bintiye aliyezama katika riwaya ya Kijapani.

"Yahusu nini?" mama akauliza.

"Mwanamke anapewa ushauri na friji lake," binti akajibu kwa Kiingereza.

"Friji hilo lina jini."

"Mama, hiyo ni fasihi."

Mama akamgeukia mzima mzima. "Nikikwambia kabati la bibi yako lilikuwa likimwita kwa jina, wasema ushirikina. Mjapani akisema, ni fasihi?"

Nilitamani kupiga makofi. Chuoni nabishania jambo hilihili kila wiki, na hoja yangu haijawahi kunyooka hivyo.

Binti akafunga kitabu. "Likimwitaje?" akauliza, kwa Kiswahili.

Kituo changu kikapita. Sikubonyeza kengele ya kushuka.