Mama Aliyemnasa Fuko Uani Kwetu

Mwaka niliostaafu ualimu nilirudi nyumbani Wamagana nikidhani shida ya shamba ni mvua tu. Kumbe kulikuwa na fuko. Kila asubuhi nilikuta vilima vipya vya udongo uani, na nikivuta karoti nilibaki na majani mkononi, mzizi umeliwa kutoka chini. Mke wangu alikataa sumu kwa sababu ya kuku na paka. Nikatengeneza mtego wa bomba la plastiki, nikautia kwenye njia ya fuko. Kesho yake niliukuta umeshindiliwa udongo pomoni.

Tukamwita mama mmoja wa Giakanja, mchuma chai aliyesifika kwa kunasa fuko wakiwa hai. Aliukagua mtego wangu, akasema kwa upole kwamba mlango ni mzito na bomba linanuka sabuni. Lake lilikuwa na kilango chepesi cha bati, kinachosukumika kuelekea ndani tu. Alilisugua kwa udongo mbichi, akaifungua njia ya fuko kwa kijiko, taratibu, kama anayempangusa mtoto uso, akalitia. Fuko akihisi upepo, alinieleza, huja kuziba. Kisha akatuomba tukae, maana fuko husikia nyayo.

Tulikaa barazani karibu saa nzima, mke wangu akiambua maharagwe. Mimi sikuona wala kusikia chochote. Yeye aliinuka ghafla, akalichomoa bomba, na ndani alikuwamo mnyama wa kahawia, meno ya njano yametokeza, macho madogo kama mbegu za sukuma wiki.

Nilidhani kazi imekwisha. Lakini alimshika shingoni, akamgeuza, akamtazama tumboni kwa muda.

"Mwalimu, huyu ako na watoto," alisema. "Ananyonyesha."

Nilimwambia hao watakufa wenyewe huko chini. Alimtia mama fuko kwenye ndoo, akaomba jembe, akaanza kuifuata ile njia, akipapasa kwa vidole kila ilipogawanyika. Alichimba mpaka jua likaegemea upande wa milima ya Aberdare, mgongo umepinda, bila kulalamika. Niliona haya, nikachukua jembe la pili. Chini ya uzio tulikuta kiota cha nyasi kavu, na ndani yake vitoto viwili visivyo na manyoya, vinatetemeka.

Alivibeba na kiota chao hadi kwenye mteremko usiolimwa juu ya mto. Huko alichimba shimo, akavilaza, akamweka mama yao kando na kufunika kwa majani na udongo mwepesi. Nilimuuliza kama wataishi.

"Sijui," alisema. "Lakini sasa wako pamoja."

Nilifundisha sayansi maisha yangu yote ya kazi, na sikuwa nimewahi kumgeuza fuko nimtazame tumboni. Wiki iliyofuata jirani yetu alipomwita mama yule, nilikwenda pia, nikambebea ndoo.