Tangu ninunue pikipiki mpya, mama anakimbia wageni

Admin, ukiposti hii toa jina langu na picha, maana stage yetu nzima ya bodaboda inafuata hii page, na mama ana jirani ambaye humsomea kila kitu.

Mimi ni kijana wa miaka ishirini na sita, naishi na mama huku Tetu, si mbali na Wamagana. Sina ndugu. Mama alinilea peke yake kwa majani chai na ng'ombe mmoja, na huniita baba kwa sababu nilipewa jina la babake. Ng'ombe wetu aliitwa Kanini, yaani mdogo, ingawa alikuwa na mwili wa kuziba mlango.

Nilikuwa nimechoka kuendesha pikipiki ya mtu. Jioni lazima umpelekee mwenyewe pesa yake hata kama mvua imenyesha kutwa na hujabeba abiria. Nikamlilia mama karibu mwaka mzima. Nilimwambia nikipata yangu, mpya, ya kutoka dukani bado na karatasi ya plastiki kwenye kiti, nitamnunulia ng'ombe wawili. Si mmoja, wawili. Mdomo hauna kodi. Mama akatoa bonasi yake ya majani, akamwita mnunuzi kutoka Endarasha, na Kanini akapandishwa kwenye pickup. Mama hakulia. Alimfungua ile kamba ya shingoni, akaitundika zizini, akaniambia, "Haya, baba. Sasa enda ulete hiyo ng'ombe yako ya matairi."

Siku niliyoileta nilipiga honi kutoka barabarani mpaka mlangoni kama bwana harusi. Mama aliweka mkono juu ya tangi akaiombea. Nilikuwa na furaha, siwezi kukataa.

Jamani, hakuna aliyeniambia kwamba ile bei ya dukani ni ya kufungua mlango tu. Bima ya kubeba abiria haingoji mtu. Kuna vyuma vya kuikinga ikianguka, kuna helmeti mbili, kuna reflekta. Stage nayo, watu ambao nimekunywa chai nao miaka, wakasema sasa wewe ni mwenye pikipiki, toa kiingilio upya. Halafu kuna hii barabara yetu ya udongo. Mvua ikinyesha, breki zinaisha kama sabuni. Kila nikiweka kitu kando cha ng'ombe, pikipiki inakidai. Siku moja mama akasema, na alikuwa anatania, "Kanini alikuwa anakula, nakamua. Hii yako inakula, inanguruma, inataka tena." Mimi sikucheka.

Nyumbani siku hizi tunakunywa turungi, chai bila maziwa. Asubuhi nabeba mitungi ya maziwa ya majirani kuipeleka dairy, jaketi yangu inanuka maziwa, na kwetu hakuna hata tone la kutia kwenye chai. Najua mtaniambia ninunue. Nilinunua. Mama aliyachemsha akanipa yote. "Kunywa wewe, ni wewe unapigwa na baridi."

Kilichonileta hapa ni jumuia yetu ya kanisa. Kwetu jumuia huzunguka nyumba kwa nyumba, na wakimaliza kusali mwenye nyumba anawapa chai nzito ya maziwa ya zizi lake. Chai ya mama ilikuwa na sifa. Wiki iliyopita zamu ilikuwa yetu, na mimi sikujua. Mchana nikiwa stage, mwenyekiti wa jumuia, mama mmoja wa heshima sana, akanijia na Biblia yake. "Kijana wangu, nipeleke kwenu. Leo jumuia iko kwenu." Nikambeba, hata sikumlipisha. Tulipofika, kina mama wengine walikuwa wamesimama nje, na geti lina kufuli. Mama hafungi geti mchana hata siku moja. Wakaniuliza ameenda wapi. Nikadanganya kwamba ameenda kumwona mgonjwa. Wakasali pale pale nje, wakaenda zao.

Nikaruka geti. Nilimkuta zizini, amekaa kwenye kile kiti kidogo cha kukamulia, amevaa nguo ya kanisani na kitambaa kichwani. Akaniuliza pole pole, "Wameenda?"

Nililia, mimi na ndevu zangu. Nikamwambia kesho naiuza pikipiki. Hapo ndipo alipokasirika. "Ati uuze? Watakupatia nusu ya ile tulitoa. Ukiuza hiyo kitu utakuwa umeniuzia Kanini mara mbili. Enda kazi."

Juzi mwenyekiti akanisimamisha tena. Aliongea kwa upole, na huo upole ndio uliniumiza. "Tulikaa tukaona tuwaruke kidogo kwenye zamu, mpaka mama yako ajipange. Hatutaki kumuaibisha. Wewe umwambie vizuri, ni wewe anasikia." Nikasema sawa.

Sijamwambia. Leo asubuhi nimetoka nikampata ameosha vikombe vyote vya wageni, hata vile vya kabatini, amevianika juani. Alikuwa anaimba. Akaniambia, "Baba, nimefikiria sana. Zamu yetu ikirudi sitafunga geti. Kama ni turungi, watakunywa turungi. Mimi ni nani wa kujificha wageni wakija?"

Nimewasha pikipiki nikatoka. Nikirudi kwa mwenyekiti kumwambia mama yuko tayari, ataniuliza kilichomzuia, na itabidi niseme kwamba nilidanganya, siku ile alikuwa ndani, anawasikia wakisali. Nikimwambia mama kwamba amesharukwa, vile vikombe atavirudisha kabatini, na sidhani atavitoa tena. Saa hii niko stage, abiria wananiita na siwasikii. Nyinyi wenye mama, niambieni, jioni nikifika nyumbani nianzie wapi?