Mfuko wa Muhogo Katika Udongo wa Kibumba

Sifa ni zako, Mungu Baba, uliyetuweka juu ya mawe na hukutunyima mvua. Umenipa kuona asubuhi nyingi kuliko nilizostahili, na haya ninayotaka kuyasimulia nayahesabu kati ya zawadi zako ndogo.

Nyumba yetu iko Majengo, na chini yake hakuna udongo. Kuna mwamba mweusi ulioshuka kutoka mlimani ukiwa moto, ukaganda hapo. Anayetaka maharagwe lazima kwanza alete ardhi ya kuyapandia. Yetu aliileta mume wangu. Alikuwa akishusha viazi kutoka mashamba ya Kibumba, kule juu, kwa chukudu, kile chombo cha mbao cha magurudumu mawili, na kila alipopata nafasi alifunga juu ya viazi gunia moja la udongo. Harufu yake ilifika mlangoni kabla yake. Tulilimwaga gunia, tukasawazisha kwa viganja, polepole, kama watu wanaomlaza mtoto. Miaka ikapita hivyo, gunia kwa gunia, mpaka nyuma ya nyumba kukawa na tuta refu lililozungushiwa mawe.

Alipofariki, hakuna aliyeleta gunia tena. Kila mvua ilichukua udongo kidogo na kuupeleka katika nyufa za mwamba. Nikipalilia, jembe lilianza kugonga jiwe, na mlio ule uliniingia kifuani. Nilijua kwamba nikiishi sana nitaliona tuta lake likiisha.

Tena kulikuwa na sashe, ile mifuko ya plastiki ya sokoni. Kwa uvivu tu, tulizoea kutupa maganda tutani pamoja na mifuko yake. Mwaka mmoja maharagwe yakawa ya njano, kwa sababu maji yalisimama juu ya plastiki kama juu ya sahani. Kwaresima nzima nilipiga magoti nikizitoa sashe, nyeusi, za bluu, vipande vyembamba kama nyuzi, nikisali rozari kwa vidole vyenye matope. Nilipomaliza nilimwahidi Mungu kwamba hakuna nyingine itakayoingia humo.

Ndipo mke wa mwanangu, ninayekaa naye, ambaye anauza mandazi kando ya njia, akaja na furushi la mifuko myeupe ya kufungia mandazi. Kuna wanawake wanaoitengeneza kwa wanga wa muhogo. Ilikuwa na weupe wa ukungu unaokaa juu ya ziwa asubuhi. Nilipouinua mmoja kwenye mwanga niliona kivuli cha mkono wangu ndani yake, laini, kama mkono wa mtu aliye mbali.

"Mama, hii inaoza," akasema. "Unaizika na maganda, inakuwa udongo."

"Nani aliiona ikioza?"

"Wenyewe walisema."

"Wenyewe ndio wanaouza."

Akacheka. "Ndiyo maana nataka nione kwa macho yangu, mbele ya kuambia wateja. Unipe kanafasi kwenye tuta, mama. Kadogo tu."

Ninampenda binti huyu. Lakini pale pale nilisikia jembe likigonga jiwe. Nikamwonyesha kona ya ukutani, chini ya bati. Akafunga maganda ya ndizi ndani ya mfuko, akachimba, akafukia. Jirani yetu, mama wa kutoka milima ya Masisi, ambaye hajawahi kuuona ukuta akaacha kuchungulia, akatokeza kichwa.

"Munazika nani hapo, bamama?"

"Sashe," mkwe wangu akajibu.

"Eh, Yesu! Ilikufa na ugonjwa gani?"

"Haijakufa. Tunangojea ife."

"Basi mutaniita kwa matanga. Nitakuja na kiti yangu."

Majuma yakapita taratibu. Siku tulipofukua, mfuko ulitoka mzima, mweupe vile vile, na ndani yake maganda yalikuwa yamekauka kama vitu vilivyotunzwa kabatini.

"Marehemu anapumua!" jirani akapaza sauti.

Mkwe wangu hakucheka. Alikaa juu ya jiwe, mfuko mapajani. "Nitawarudishia," akasema. "Siwezi kudanganya watu."

Niliingia ndani kusali, na maneno yakakataa kutembea. Kati ya Salamu Maria moja na nyingine niliuona mkono wangu mwenyewe ukinyooshwa kuelekea kona ile. Nimeifagia miaka mingi. Hapana udongo pale, ni changarawe nyeusi tupu, na mvua haifiki. Mnyoo gani angekaa pale? Kitu gani kingeoza? Nilifundisha katekisimu tangu nikiwa kijana, nikiwauliza wanafunzi wangu ile mbegu iliyoanguka penye mwamba ilipatwa na nini, nao walijibu vizuri sana. Nikaiweka rozari chini, nikatoka.

"Binti yangu," nikamwambia, "kona ile haina udongo. Nilijua nilipokuonyesha."

Akaukunja mfuko mapajani. "Na mimi nilijua, mama. Niliona changarawe nikichimba. Nilishindwa kusema. Udongo ni wa papa, ni yeye aliubeba."

Kisha nikachukua jembe, nikachimba katikati ya tuta, baina ya mistari miwili ya maharagwe, mahali ambapo udongo ulikuwa mzito kuliko kote. Tukaweka mfuko mpya wenye maganda ya viazi, majivu kidogo na maji ya kuoshea mboga, tukafunika.

Mvua zikaja. Alasiri nilikaa mlangoni pa jikoni nikiutazama ukungu ukipita juu ya mabati, na mara nyingine ilionekana kama mtu anateremka njiani na chukudu yenye mzigo. Sikumwita. Niliacha apite, nikamshukuru Mungu kwa kunionyesha.

Maharagwe yalipokomaa, tulifukua kwa vidole. Udongo ulikuwa mweusi, una uvuguvugu, na minyoo ilijikunja ikikimbia mwanga. Mfuko haukuwapo. Kilichobaki ni fundo tu, pale ulipofungwa, laini kama karatasi iliyolowa. Mkwe wangu akataka kulitupa.

"Liache," nikasema. "Halijamaliza."

Akaukusanya udongo ule mpya katika kiganja. Haukukijaza. Lakini hakuna aliyeubeba kutoka Kibumba, na kabla ya mvua hizi haukuwapo. Akaunyunyiza mahali ambapo jiwe lilikuwa limeanza kuonekana, akausawazisha, kisha akaenda kuwasha moto wa mandazi, akiimba. Nami nilibaki nimepiga magoti, maana kwa umri wangu kuinuka kunataka muda.

Wewe unayesoma, Mungu akuvumilie siku unayotoa kidogo ukijua una zaidi. Akupe nyumbani mwako mtu wa kukusamehe kabla hujamaliza kusema, na akujalie mvua kwa wakati wake. Amina.