Mnara wa Mama Mkwe

Mkiniona harusini nimekalia mikono yangu wakati wenzangu wanapiga makofi, huwa mnasema mzee Zabroni ana baridi yabisi, na mimi nawaacha mseme hivyo kwa sababu baridi yabisi ina heshima yake kuliko ukweli. Ukweli ni aibu tupu. Leo kwa kuwa mmenipa togwa na kiti chenye mgongo nitausema, lakini mcheke kwa kiasi, maana mke wangu yuko hapo jikoni na jambo hili kwake bado bichi.

Ilikuwa miaka ile ya kuhamishiwa vijijini. Tulikuwa tumeshushwa kutoka milimani, tukapangwa kando ya barabara upande wa Heru Juu, nyumba zikitazamana kama sahani kabatini, na mimi kwa sababu nilikuwa nimemaliza darasa la saba na Kiswahili hakinikwamishi sana nikafanywa katibu wa kijiji. Katibu maana yake ni kwamba mgeni wa wilayani akija wewe ndiye unayemtafsiria, wewe ndiye unayemkimbizia kuku, na akiondoka wewe ndiye unayelaumiwa. Lakini nilikuwa na kalamu mbili mfukoni (moja haikuandika, ilikuwa ya kuonekana) na nilijiona mtu.

Shida yetu ilikuwa maji. Mto uko bondeni kabisa, wanawake wanashuka asubuhi na kupanda na mitungi kichwani hadi shingo zinakaza. Ndipo wilaya ikatuletea mtaalamu, mtu wa pwani, mpole, shati jeupe, ambaye jina lake lilitushinda tukamwita Bwana Mitambo. Akasema juu ya mgongo wa kilima kutachimbwa kisima, juu ya kisima kusimame mnara wa chuma wenye mapanga, upepo uyazungushe mapanga, mapanga yavute maji, na maji yateremke yenyewe hadi kijijini. Jambo zuri. Tatizo ni kwamba ule mgongo wa kilima ulikuwa shamba la maharage la Mama Nyabenda, na Mama Nyabenda ni mama yake mke wangu.

Sasa nyinyi wa siku hizi mnakaa na mama mkwe meza moja, mnapokezana chumvi. Kwetu Buha, nchi ya Waha, wakati ule mama mkwe humtazami usoni, mkikutana njiani mmoja anaingia majanini, na akiwa na neno kwako analipitisha kwa mkeo. Basi neno likaja kupitia kwa Yustina, mke wangu, jioni moja nikiwa nakula. "Mama anasema, wamemshusha kutoka mlimani akashuka bila kusema kitu. Shamba lile ndilo lililobaki, ndilo linalowalisha wadogo zangu. Anasema wewe ndiye unayeongea na wakubwa. Uwaambie mashine waiweke chini kidogo, kwenye majani, upepo ni ule ule."

Nikasema, mwambie asiwe na wasiwasi. Nilisema hivyo huku nimejaza ugali mdomoni, na labda ndiyo maana ilitoka kirahisi.

Maana kusema kweli niliogopa. Mwenyekiti wetu alikuwa ameapa kwamba mashine hiyo lazima ipatikane kabla wenzetu wa kijiji cha Muyama hawajaisikia, na kila aliyeuliza swali aliitwa mpinga maendeleo, na mpinga maendeleo hawezi kuendelea kuwa katibu. Sentensi moja tu ilikuwa inatakiwa. Shamba lile lina mwenyewe, tusogee chini. Mtoto angeweza kuisema. Mimi katibu mwenye kalamu mbili nikaona ni bora aiseme mtu mwingine.

Nikaenda kwa Mzee Ruhaga. Huyu alikuwa mteko wetu, yaani mzee wa ardhi, ambaye zamani kabla ya haya ya vijiji hukutia jembe mahali bila yeye kupabariki. Serikali ilikuwa imekwisha kumsahau lakini sisi hatukuwa tumemsahau. Nikamwambia, baba, siku ya mkutano ukae nyuma ya darasa pale shuleni, ukiniona navua kofia uingie, useme shamba lile lisitobolewe. Akakubali, tena alifurahi, kwa sababu ilikuwa muda mrefu hakuna aliyemwomba kitu.

Siku ikafika, watu wakajaa kwenye uwanja wa shule asubuhi. Mjadala ulikuwa mkali na mimi natafsiri huku na huku, jasho linanitoka. Mzee mmoja akauliza, upepo wote ukikamatwa na mashine, sisi maharage tutapepetea nini? Bwana Mitambo akasema upepo hauishi. Mzee akasema hata msitu wa kule chini waliambiwa hauishi. Mwingine akataka kujua upepo ukishapita kwenye mashine ya kijiji ukaenda shambani kwa mtu binafsi, je, huo bado ni wa ujamaa? (Bwana Mitambo aliomba maji ya kunywa.) Akasimama mama mmoja, jirani yangu, akasema yeye habari za upepo hazijui, ila anayepinga mashine ashuke bondeni na mtungi wake kesho, yeye atamwonyesha njia. Hapo wanaume wengi tukatazama chini. Mama Nyabenda alikuwa amekaa upande wa wanawake, kanga kichwani. Hakuwa anapinga maji, naye shingo yake ilikuwa imechoka. Alikuwa ananisubiri mimi.

Bwana Mitambo akaona maneno hayaishi. Akasimama, akasema kwa Kiswahili chake kile cha pwani kinachoteleza, "Basi ndugu zangu, wanaoafiki mashine isimame kule juu kilimani, na waonyeshe."

Hapa ndipo nilipoamua kitu kidogo tu. Nikajisemea, nikilitafsiri swali hili sasa hivi wenye haraka watanyoosha mikono kabla mzee hajaingia. Ngoja aingie kwanza. Kwa hiyo badala ya kutafsiri nikavua kofia, nikasema kwa Kiha, "Jamani, kuna mkubwa anakuja."

Mzee Ruhaga akatokea nyuma ya darasa na fimbo yake. Na mteko akiingia penye watu, Muha anafanya nini? Anachuchumaa, anakutanisha viganja, anapiga makofi ya salamu. Uwanja mzima ukachuchumaa. Wanaume, wanawake, hata waliolala wakaamka wakapiga, wakisalimu mwakeye, mwakeye, makofi yakavuma mpaka njiwa wa paa la shule wakaruka. Na mimi je? Mimi ndiye niliyemwita, tena mbele ya mama mkwe wangu, ningebaki nimesimama kama mti? Nikachuchumaa pale mbele, pembeni ya Bwana Mitambo, nikapiga makofi kuliko watu wote.

Nikamwona Bwana Mitambo uso umemkunjuka. Yeye aliuliza swali, katibu akasema maneno ya Kiha, watu wote wakapiga makofi. Angefikiri nini? Akageuka kwa Mwenyekiti akampa mkono. "Imepita kwa makofi," akasema, na machozi yalikuwa yakimlengalenga, maskini. "Sijawahi kuona wananchi wanaoafiki kwa kupiga magoti."

Nilitaka kusema. Lakini salamu za kwetu mnazijua, huwezi kuzikatiza katikati, mzee anaulizwa habari za nyumbani, za ng'ombe, za watoto, za mvua, naye anajibu moja moja bila haraka. Zilipokwisha, Bwana Mitambo alikuwa amekwisha kuvaa miwani ya jua. Nikamnong'oneza Mwenyekiti kwamba yale makofi yalikuwa ya salamu. Mwenyekiti ni Muha kama mimi, makofi yale na yeye aliyapiga. Akatazama mawingu. "Katibu," akasema, "usimchanganye mgeni."

Mzee Ruhaga hakujua yote hayo. Akasimama katikati ya uwanja akasema maneno yake kama tulivyopatana, kwa Kiha safi, kwamba shamba lile lina mwenyewe, lisitobolewe, mashine isogezwe chini. Bwana Mitambo akaniinamia. "Mzee anasema nini?"

Mungu alikuwa amenipa nafasi ya pili, na watu wachache sana hupewa. Mwenyekiti alinikazia macho. Kalamu zangu mbili zilikuwa mfukoni. Nikafungua mdomo, nikasikia sauti yangu mwenyewe inasema, "Anasema... anawakaribisha sana."

Nilidhani mama mkwe hajui Kiswahili. Nilisahau kwamba alikuwa akiuza maharage kwa wenye maduka wa Kasulu mjini miaka yote, na wale hawanunui kwa Kiha. Akasimama polepole, akafunga kanga, akaenda zake.

Na haikuishia hapo. Tukapanda kilimani palepale kuweka kigingi, na Bwana Mitambo kwa kunipenda akasema katibu ndiye akishike, kwa kuwa ndiye aliyeonyesha moyo. Nikakishika. Maharage yalikuwa na maua. Mwenyekiti anapiga nyundo, mimi nimeshika, na kwa chini naona mtu amesimama mlangoni kwake anatazama juu, na sikuhitaji kuuliza ni nani.

Mnara ukaja, wafanyakazi wakalikanyaga shamba lote wakausimamisha. Mapanga hayakuja. Tuliambiwa yako njiani, yamefika na treni Kigoma, mara yamepelekwa Kibondo kwa makosa, mara Kibondo hawajayaona. Kisima nacho kilichimbwa nusu, kwa kuwa mchimbaji alitakiwa kwanza ayaone mapanga. Wanawake wakaendelea kushuka bondeni. Yustina akinipa chakula anaweka sahani, anaondoka, na mimi nilijisikia vibaya kiasi ambacho sitawaeleza hapa.

Msimu ulipofika Mama Nyabenda akapanda kilimani akapanda maharage marefu, yale yanayotambaa, kuzunguka miguu ya mnara. Yakapanda chuma chote mpaka juu, mnara ukawa kijani. Mavuno yalipotoka akamtuma Yustina na kikapu kimoja kwangu. "Mama anasema, mkwe wake ale," akasema Yustina. "Ila asipige makofi."

Niliyala yote.

Mwaka uliofuata Bwana Mitambo akarudi. Akautazama mnara wa maharage kwa muda, akasema mapanga yako njiani, na kwamba wilaya imepata mnara wa pili, nao unatafutiwa mahali pazuri penye upepo, mwaka usije ukaisha haujasimama. Mzee Ruhaga alikuwa amekwisha kututoka, hakukuwa na wa kumwita.

Ndipo Mama Nyabenda, ambaye maisha yake yote hakuwahi kufungua mdomo mkutanoni, akasimama. Akanigeukia, akanitazama machoni, kwa mara ya kwanza tangu nimwoe binti yake, akasema kwa Kiha, taratibu, ili nisipitwe na neno.

Bwana Mitambo akaniinamia. "Mama anasema nini?"

Mwenyekiti akatazama mawingu. Mimi nikamwona Yustina kule upande wa wanawake, ameshika tama, ananisubiri.

"Anasema," nikasema, "upepo mwingi uko kwa katibu. Anasema hata maneno ya katibu huwa yanapeperuka. Anasema mnara uwekwe kwenye migomba yangu mimi."

Mama Nyabenda akachuchumaa, akakutanisha viganja, akapiga makofi. Watu wakageuka kutazama ni mkubwa gani anakuja, wakaona njia tupu, wakanitazama mimi, wakaelewa. Uwanja mzima ukachuchumaa. Na Yustina wangu, huyo huyo aliye jikoni, ndiye aliyepiga kwa nguvu zaidi.

Mnara huo hapo nje, ndipo kuku wanapolala. Mapanga yako njiani. Mchimba kisima huingia mwenyewe, na mimi nimeapa mbele ya mke wangu kwamba neno nililotumwa nitalisema kwa mdomo wangu siku ile ile, hata kama nitalisema natetemeka, na kwamba mikono yangu hii, penye mkutano, nitaikalia mpaka nife.

Haya, nani ana togwa?