Maji ya Baba

Saa moja na nusu asubuhi, Kaingu Barnabas amepiga magoti katika ukumbi wa juu wa nyumba moja ya mtaa wa Kibokoni, shavu karibu ligusane na sakafu, ananusa ubao. Hana haraka. Ananusa kama mpishi aliyeitwa kuonja chungu cha mwenzake. Kisha anaugonga kwa kifundo cha kidole, anasikiliza, anahamia ubao wa pili.

"Huu mzima," anasema. Anagonga tena. "Huu nao mzima." Wa tatu anaugonga mara mbili. "Huu umechoka, lakini haujafa."

Mbele yake pana doa jeusi, refu kama mkono wa mtu mzima, limeshika mbao kumi na moja za msaji. Si weusi wa vumbi wala wa nyayo. Ni weusi ulioingia ndani na kukaa.

Kaingu, mwenye umri wa miaka hamsini na miwili, kazi yake ni kusafisha na kutunza sakafu za mbao. Ni kazi ambayo wengi wetu mjini, hata sisi wa gazeti, hatujui kama ipo. "Watu huniuliza, wewe seremala? Nasema hapana. Basi wewe boi wa nyumba? Nasema hapana. Huishia kunitazama tu," asema, na hacheki.

Safari hii amepewa siku sita. Mwenye kutoa amri, Bwana Abdulghafur, mtoto mkubwa wa nyumba hii, amesema waziwazi: doa lote litoke, au mbao zing'olewe na mahali pake pamwagwe saruji nyekundu. Saruji yenyewe imeshanunuliwa. Mifuko minane imepangwa chini ya ngazi, na Kaingu huipita kila asubuhi akipanda.

"Mji wote sasa ni saruji," anasema. "Nyumba hii ikienda, na ya jirani itafuata, na ya jirani yake. Mimi nitabaki na nini? Niende Marikiti nikabebe magunia na haya?" Anapandisha suruali kidogo. Magoti yamevimba, ngozi yake imekuwa ngumu kama ya kisigino.

Kaingu ni mzaliwa wa Kaloleni. Alivuka kuja kisiwani mwaka 1947, akaandikwa kazi katika klabu moja ya Wazungu upande wa Kizingo. Huko palikuwa na ukumbi wa dansi wa mbao za mvule, na msimamizi mmoja Mgoa aliyemfundisha kuutunza. Jambo la kwanza alilofundishwa ni kuogopa ndoo. "Aliniambia, Kaingu, siku nitakayokuona unamwaga maji humu, chukua nguo zako moja kwa moja uende."

Miaka kumi na minane aliutunza ukumbi ule. Mshahara wa mwisho ulikuwa shilingi mia na kumi kwa mwezi. Mwaka juzi wenyewe wakaondoka, jengo likauzwa, na ukumbi ukawa ghala la unga.

"Siku moja nilipita nikaona mkokoteni unaburutwa juu ya sakafu yangu," asema. "Sikuingia. Nilirudi nyumbani, nikalala bila kula. Mke wangu Kache alidhani nimefiwa."

Tangu hapo amepata sakafu kumi na moja tu. Miezi mingine hapati hata moja, na chumba chao cha Majengo huendeshwa na viazi vya karai anavyouza Kache mlangoni.

Sasa nieleze kuhusu nyumba yenyewe. Ni ya marehemu Mzee Kamaludin, fundi wa saa, mtu aliyejulikana Kibokoni kote kwa kutochelewa popote. Miaka miwili kabla ya kufa alipigwa na kiharusi, upande wa kushoto ukafa. Akalazwa ukumbini, penye hewa, juu ya kitanda cha chuma, mpaka Mungu alipomchukua miezi minne iliyopita. Mjane wake, Bi Swabaha, yumo edani. Haonekani na wanaume wasio maharimu wake. Anakaa chumba cha ndani, nyuma ya pazia, na binti yake Mahfudha hukaa mlangoni.

Kwa hiyo Kaingu hajamwona mwenye nyumba. Anamsikia tu.

"Sabalkheri, bibi," husema kila asubuhi akifika.

"Sabalkheri, Mzee Kaingu. Umeamkaje? Na magoti?"

"Yanalalamika, bibi. Lakini yamekuja."

Siku ya kwanza bibi alitaka kujua anapaka nini, maana watu watasali pale. Kaingu akamjibu kuwa ni nta ya nyuki, ameiyeyusha mwenyewe katika tapentaini. Ya kopo la dukani hakuileta, kwa kuwa hajui wenye kuitengeneza wametia mafuta ya mnyama gani. "Mungu akuweke," ilisema sauti nyuma ya pazia, na tangu hapo wakawa wanazungumza.

Kazi ya Kaingu ni ya polepole, na ukimharakisha anakasirika. Kwanza hutoa nta kuukuu kwa kitambaa cha tapentaini, ubao mmoja mmoja. Uchafu wa kwenye nyufa huuchokoa kwa chelewa za mnazi. Pamba ya chuma haigusi kabisa hapa. "Chuma na msaji vikikutana penye maji, vinafanya wino," anaeleza. "Hili doa lote ni wino. Tazama, limeanzia penye miguu ya kitanda."

Na dawa ya wino? Usicheke: ni mbirimbi, yale matunda machachu ya achari. Kule klabuni kulikuwa na unga mweupe wa dukani, wenye sumu. Hapa Kaingu hununua kikapu cha mbirimbi, akaziponda kinuni, akalowesha kitambaa kwa yale maji yake machachu na kukilaza juu ya weusi. Kikikauka hufuta, hukausha, hurudia. Siku ya pili, alasiri, mbao mbili zilikuwa zimerudi rangi ya asali, na Mahfudha akapiga kigelegele kidogo kabla hajakumbuka kuwa mama yake yumo edani.

Siku hiyohiyo Kaingu alisema neno lililomshtua bibi. Alikuwa akifuata doa kwa kidole, akizungumza peke yake kama kawaida yake. "Mzee alilala kichwa upande huu. Na mkono wa kushoto haukumtii. Kila kilichodondoka kimedondoka kushoto."

Sauti nyuma ya pazia ikauliza, "Nani aliyekwambia?"

"Sakafu, bibi."

Mahfudha alisimama, akaingia kwa mama yake, na hakutoka mpaka Kaingu alipofunga vitu vyake.

Siku ya nne zilikuwa zimebaki mbao tatu, zile za kati, nyeusi kuliko zote. Mbirimbi ziliingia ndani na kutoka bila kubadilisha kitu. Kaingu alikuwa akifikiri kuzikwangua kwa kigae cha kioo. Mimi nilikuwa nimeketi juu ya ngazi na daftari langu, ndipo Bwana Abdulghafur alipopanda.

Ni mtu wa makamo, mpole, mwenye macho ya mtu asiyepata usingizi. Miaka yote hii alikuwa Kisumu na duka lake la vitambaa. Baba yake alipofariki alipanda gari la moshi, akafika mazishi yamekwisha pita siku nzima. Alizitazama zile mbao nane zinazong'aa, akatikisa kichwa.

"Kazi yako nzuri, mzee. Sikunyimi haki yako. Lakini nikwambie kweli: hata ukilitoa lote, mimi hapa sitasali. Nilikuachia hizi siku sita kumridhisha mama tu. Saruji itamwagwa."

Kaingu aliinua uso. Nilimwona amebadilika rangi. "Bwana, tulipeana neno."

"Najua."

"Basi nimekosa nini?"

"Hukukosa kitu." Abdulghafur alisogea, akashusha sauti, lakini nyumba za Kibokoni hazina siri. "Baba alikuwa mgonjwa, mzee wangu. Mambo ya wagonjwa unayajua. Nilipofika nilimuuliza dada yangu, hili doa la nini? Akalia, akaniambia, ni maji ya baba. Nikafahamu. Hayo si ya kuuliza mara mbili."

Kaingu aliweka kitambaa chini.

"Maji gani?"

"Wewe mtu mzima."

"Haja ndogo?"

Abdulghafur aliinamisha kichwa, na hilo lilitosha.

Hapo ndipo nilipomjua Kaingu Barnabas. Mtu huyu ambaye siku nne alikuwa akisema kwa sauti ya chini alinyanyuka na magoti yale mabovu, akamshika mtoto wa watu mkono.

"Sikiliza, mwanangu. Miaka kumi na minane nimesafisha mikojo ya walevi juu ya mbao. Nnaijua kuliko ninavyojua jina langu. Ubao ukinywa mkojo, ukiupa kitu kichachu na jua la saa sita, nyumba haikaliki. Siku nne hizi nimeupa kichachu. Na saa sita hii hapa. Inama."

"Mzee..."

"Inama unuse! Mimi nilinusa kabla sijaanza. Wewe umenusa lini?"

Bwana Abdulghafur, na kanzu yake nyeupe, akapiga magoti. Akaweka uso penye zile mbao tatu. Alikaa pale muda mrefu kuliko haja ya kunusa.

"Sisikii kitu," alisema mwisho. "Mbirimbi tu. Na mbao."

"Ni maji matupu hayo. Maji safi, mengi, ya siku nyingi. Ya nini, sijui. Mimi Mkristo, mambo ya nyumba hii si yangu."

Pazia likatikisika. "Abdulghafur!" Ilikuwa sauti ya Bi Swabaha, na haikuwa ile ya sabalkheri. "Ulidhani nini, mwanangu? Ulimdhania nini baba yako?"

Abdulghafur aligeuza uso kuelekea pazia, bado amepiga magoti.

"Ni maji ya udhu! Mara tano kwa siku, miaka miwili, hakuacha swala hata moja. Birika nilishika mimi, tasa alishika Mahfudha. Mkono wake wa kushoto ulikuwa haukai ndani ya tasa, ukichuruzika nje, na yeye alisema, Swabaha, unanilowesha sakafu. Namwambia wacha ilowe. Wallahi, baba yako hakulala juu ya najisi hata usiku mmoja. Hata mmoja! Mikono hii ndiyo iliyomtunza. Miezi minne unapita ukumbini umejikunja, nami nasema mwanangu ana huzuni. Kumbe unaona kinyaa!"

Mahfudha alikuwa amejifunika uso kwa leso. "Nilikwambia maji ya baba," alisema huku analia. "Sisi ndivyo tulivyoyaita. Kila wakati wa swala ukifika, mama huniambia, lete maji ya baba."

Bwana Abdulghafur hakunyanyuka. Alilia palepale, paji la uso juu ya ubao, kwa sauti, bila kujali mgeni wala fundi. "Nimemdhania," alikuwa akisema. "Nimemdhania baba yangu."

Mimi nilifunga daftari. Nilitamani ningekuwa sipo.

Jioni ile nilikuwa nimeshakata shauri kutoandika chochote. Mahfudha ndiye aliyenifuata mlangoni na ujumbe wa mama yake: "Mwambie huyo bwana wa gazeti aandike, tena ataje jina. Kama mwanangu alidhani vile, majirani waliopanda hapa kutupa pole walidhani nini?"

Asubuhi yake Abdulghafur alimwambia Kaingu aziache zile mbao tatu kama zilivyo.

Ungedhani fundi angefurahi kupunguziwa kazi. Alikataa. "Watu watakuja kwenye hitima," alinung'unika, "wataona sakafu nzuri ina kiraka cheusi katikati, watasema Kaingu kashindwa. Hii ndiyo ilikuwa barua yangu ya kuombea kazi, bwana. Unaitia wino."

"Atakayeuliza nitamjibu mimi," alisema Abdulghafur.

Kaingu alikaa juu ya kimto chake cha makumbi ya nazi, akaziangalia zile mbao. Baadaye alisema kuwa alikuwa akifikiri njia ya kuzikwangua bila kuonekana. Kisha akachota nta, akazipaka nyeusi vilevile, na kuzisugua kwa kumbi la nazi chini ya unyayo mpaka zikang'aa kama zile nyingine.

Eda iliisha, hitima ikasomwa. Kaingu alikaribishwa, akakaa juu ya ngazi na viatu vyake mkononi. Ukumbini walitandika mikeka kila mahali isipokuwa penye zile mbao tatu. Mzee mmoja aliuliza fundi gani huyu aliyeacha pabaya hivi, na Abdulghafur akasimama mbele ya watu wote akaeleza, neno kwa neno, pamoja na makosa yake mwenyewe. Baada ya pilau, mtu mmoja wa mtaa wa pili alimuuliza Kaingu kama anaweza kutazama ngazi zake. Wengine walikula wakaenda zao.

Saruji imetumika kuziba dari ya jikoni inayovuja. Duka la Kisumu linauzwa; Abdulghafur anarudi Kibokoni, maana mama yake na Mahfudha hawatabaki peke yao.

Kaingu ana mipango yake. Anataka kuanza zile ngazi Jumatatu, magoti yakiruhusu. Anataka Kache apate meza ya viazi iliyo ndani, si ya mlangoni penye vumbi. Mwisho nilimuuliza juu ya nyumba ya Kibokoni.

Kila Jumamosi, alisema, huenda pale bila malipo, na si yeye anayepiga magoti. Bwana Abdulghafur amemwomba amfundishe. Fundi huketi kando na kuelekeza, naye mwenye nyumba hukunja kanzu, akachota nta kidogo na kusugua zile mbao tatu, kwenda na kurudi.

"Aliniambia, mzee, mimi sikumshikia baba birika hata siku moja," Kaingu alisema. "Mkono wake bado mzito, anatia nta nyingi. Lakini haruki hata pembe. Mimi natumai ikifika mwakani nisiitwe tena nyumba ile. Zile mbao zimeshapata mtu."