Radhi Nyuma ya Gari la Takataka

Asubuhi ya mwisho ya kawaida, mke wangu Giok-lan alinigombeza kwa ajili ya uji. Niliachiwa niukoroge, nikausahau, ukashika chini. Tulikula hivyo hivyo, na viazi vitamu vyake, na figili za chumvi. Kisha akaniambia nimshushie sufuria kubwa kutoka juu ya kabati. Zilibaki siku tano kufika sikukuu ya mwezi wa tano, na majani ya mianzi alishayaloweka kwenye beseni. Nikapanda kigoda. Yeye akanishika suruali kwa nyuma nisianguke. Akasema neno juu ya ile sufuria. Nikacheka, nikaenda zangu kwa kinyozi.

Saa sita mchana alianguka karibu na sinki. Hakuamka tena.

Hayo ni ya mwaka huu. Ninayotaka kusimulia ni ya mwaka jana, mke wangu alipokaribia kuweka wakili. Watu wa kichochoro chetu bado wanayasimulia, na wengi wanayakosea.

Giok-lan alikuwa mshonaji. Alishona sare za shule miaka thelathini na zaidi, pini zimejaa mdomoni. Hizo pini zilikuwa salama yetu. Akizitoa mdomoni, kaa mbali. Alikuwa amesoma miaka sita. Mimi sikusoma hata mmoja, nilitengeneza baiskeli. Barua zote alinisomea yeye.

Jirani yetu ni Pik-ha. Ukuta wetu ni mmoja. Giok-lan akitaka tangawizi anagonga ukuta mara mbili, Pik-ha anatoka nayo mlangoni. Miaka arobaini hivyo. Mume wa Pik-ha, Sui-hok, alikuwa mwenzangu wa sataranji. Kila siku saa tisa tulikaa mlangoni kwake na ubao katikati. Alikuwa anaiba kete. Nilimwona, nikanyamaza, maana na mimi nilikuwa naiba. Alifariki baada ya mwaka mpya.

Mwezi wa tatu ndipo ugomvi ulipotokea.

Gari la takataka hupita kwetu saa kumi na moja kasoro dakika kumi. Muziki wake unasikika tangu shuleni, na kila nyumba inatoka na mifuko yake, kwa sababu dereva hangoji mtu. Siku hiyo Giok-lan alikuwa na ndoo ya makombo ya kulishia nguruwe. Pik-ha alikuwa na mfuko, na kwenye mfuko imetokeza pembe ya ubao. Kete zilikuwa zinagongana ndani.

"Huo si ubao wa Sui-hok?" Giok-lan akauliza.

"Ni takataka," Pik-ha akasema, akaurusha garini.

"Hata siku mia za msiba hazijatimia!"

"Siku zangu nazihesabu mwenyewe. Wewe hesabu vifungo vyako."

Hapo nilijua kumeharibika. Mdomoni Giok-lan hakuwa na pini hata moja.

"Ulikuwa unamngojea afe upate kufagia nyumba! Una uso mkavu, Pik-ha, fundi angeukata akaufanya soli ya kiatu!"

Pik-ha akamsukuma bega. Ndoo ya makombo ikamwagikia ndara za Pik-ha, zote mbili, mpaka vidole havionekani. Giok-lan alishikilia kwamba ndoo ilimponyoka. Nilikuwepo. Haikumponyoka.

Kichochoro kizima kiliona. Dereva, ambaye hangoji mtu, siku hiyo alingoja.

Baada ya wiki mbili ikaja barua ya polisi. Giok-lan akaisoma kwa sauti, amesimama. Pik-ha amemshtaki kwa kumtukana hadharani. Anatakiwa aende kutoa maelezo.

"Mimi?" akasema. Akasoma tena. "Na makombo je? Mbona makombo hawakuandika?"

Alicheka, lakini barua aliikunja mara nne. Katika miaka sabini na moja hakuwahi kuitwa na polisi kwa jambo lolote. Alishona sare za watoto wa watu. Jina lake lilikuwa safi, naye alijua ni safi. Sasa angeweza kutiwa hatiani. Na ukuta ulikuwa umenyamaza. Hilo la ukuta hakulisema, lakini nilimwona akikata tangawizi kidogo kidogo ili isiishe.

Mwanetu Kian-lam yuko mji mkuu. Alipiga simu akapiga tena.

"Mama, usiseme na mtu. Nimekutafutia wakili. Mzuri."

"Nimeua mtu?"

"Mama, siku hizi watu wanashtakiana kwa neno moja. Nenda umwone. Baba, mpeleke."

Nikampeleka. Tulipanda treni mpaka mji wa Kagi. Ofisi ilikuwa na baridi kama duka la samaki. Wakili alikuwa binti mpole, miwani mikubwa, akatupatia maji ya moto ya kunywa. Akamsikiliza Giok-lan mpaka mwisho, na mwisho ulikuwa mbali.

"Mama, kesi hii tunaiweza," akasema. "Yeye alikusukuma kwanza. Kwenye kona kuna kamera. Na sisi tunamshtaki kwa hilo la kusukuma."

"Tunamshtaki Pik-ha?"

"Ndiyo. Lakini kuanzia leo usiongee naye. Usimwombe radhi, ukiomba radhi umekiri. Usimpelekee kitu chochote, hata matunda. Mnapakana?"

"Ukuta mmoja."

"Basi hata ukutani usigonge."

Giok-lan akanitazama. Nikatazama maji ya moto.

Binti akasogeza karatasi na kidau cha wino mwekundu. Kilichobaki ni muhuri, maana kwetu muhuri ndio sahihi. Giok-lan akatoa muhuri wake kwenye pochi, ule wa mfupa aliopewa na baba yake siku ya harusi. Akaupulizia. Akaushika juu ya wino. Kisha akaurudisha kwenye pochi, pamoja na karatasi.

"Nipe mpaka sikukuu, mwanangu."

"Mama, upatanishi wa kesi yenu pale ofisi ya mji ni siku mbili baada ya sikukuu. Usichelewe. Ukiingia pale bila wakili watakuzungusha."

Kwenye treni, tulipopita mashamba ya miwa, akanigeukia.

"Wewe unaonaje?"

"Sijui."

"Miaka arobaini na tisa unanijibu sijui."

"Na bado unaniuliza."

Akanipiga na pochi. Muhuri ulikuwa ndani, uliniuma goti.

Sasa, sikukuu ya mwezi wa tano ni ya bachang. Mchele wa kunata, nyama, uyoga, karanga, vyote vinafungwa kwa majani ya mianzi na kuchemshwa. Nyumba iliyofiwa haifungi bachang mwaka huo. Haifai. Majirani ndio huwapelekea. Na nyumba iliyofiwa mwaka jana ilikuwa ya Pik-ha. Watoto wake wako mbali, dada zake wamekwisha. Aliyepaswa kumpelekea wa kwanza alikuwa mtu wa ukuta mmoja.

Siku mbili kabla ya sikukuu Giok-lan alifunga bachang tangu alfajiri. Mimi nilikata kamba. Mwishoni nikaona kichala kimoja cha bachang kumi kimewekwa peke yake.

"Hiki hakina karanga," nikasema.

"Karanga zimeisha."

Gunia la karanga lilikuwa nyuma ya mlango, karibu na mguu wake. Pik-ha karanga hali. Zikimgusa, anavimba mdomo.

"Wakili alisema usimpelekee kitu."

"Nimempelekea? Kiko hapo mezani."

Kilikaa mezani mpaka kikapoa. Muhuri nao ulikuwa mezani, pembeni yake, na karatasi ya wakili, maana Kian-lam alikuwa ameshapiga simu mara tatu siku ile. Giok-lan alifuta meza. Alifuta tena. Akaosha sufuria safi kabisa, akaiosha mara ya pili.

"Peleka wewe," akasema mwishowe. "Wewe hujashtakiwa."

Nikakitia kwenye beseni dogo, nikaenda. Pik-ha alifungua nusu ya mlango.

"Zimetoka kwa nani, shemeji?"

"Nyumbani kwetu."

"Nyumba haina mikono."

Nikampa. Akanusa kichala. Akageuza kimoja, akabonyeza, anatafuta karanga. Hakuzipata. Akakaa kwenye kiti cha Sui-hok.

"Ule ubao," akasema. "Kila saa tisa nilikuwa nausikia. Kete zinagonga, tak, tak. Naamka, natia chai vikombe viwili, nawaletea. Hapana mtu. Siku ya kwanza nikajicheka. Siku ya tano sikucheka. Nikasema ama utoke huo ama nitoke mimi. Mkeo anasema nilikuwa namngojea afe. Mimi, shemeji? Mbele ya watu wote wale?"

"Ungenipa mimi ule ubao," nikasema.

"Ili niusikie kupitia ukutani?"

Nikarudi, nikamweleza Giok-lan kama nilivyoambiwa. Alikaa chini na kitambaa cha meza mkononi.

"Kwa nini hakusema siku ile?"

"Ulimpa nafasi?"

Sijui nilipata wapi ujasiri huo. Hakunigombeza. Alichukua muhuri, akaufuta, akautia kwenye droo ya nyuzi. Kisha akampigia mwanetu.

"Yule binti mwambie asante. Maji yake ya moto yalikuwa mazuri."

"Mama! Utaingia pale bila wakili? Na usiombe radhi tu, tafadhali, ukiomba radhi umekwisha!"

"Kian-lam, mwanangu. Nilisema uongo juu ya mtu. Wakili atasema nini hapo? Kwamba niliusema vizuri?"

Kesho yake asubuhi beseni letu lilikuwa mlangoni, na ndani sukari, kama inavyorudishwa na nyumba iliyofiwa. Giok-lan aliitazama sukari ile muda mrefu kuliko alivyoitazama barua ya polisi. Mara ukuta ukagongwa.

"Chumvi imezidi!" sauti ikasema.

"Kula na chai!" Giok-lan akajibu.

Lakini Pik-ha si mtu wa kununuliwa kwa bachang kumi. Ofisi ya mji walituketisha, wakatupa chai. Msuluhishi alikuwa mwalimu mkuu mstaafu. Giok-lan akasimama papo hapo, akasema anaomba radhi. Msuluhishi akafurahi, akafungua kalamu.

"Bado," Pik-ha akasema. "Alinitukana mbele ya gari la takataka. Aniombe radhi mbele ya gari la takataka."

"Hapa hapatoshi, mama?"

"Hapa kuna nani? Wewe na birika."

Giok-lan akasema sawa. Nilimwona shingo imekuwa nyekundu, lakini alisema sawa.

Jioni hiyo alivaa gauni lake la kuendea harusi za watu. Mkono mmoja mfuko wa takataka. Kichochoro kizima kilitoka, hata wasiokuwa na takataka. Muziki ukaanza shuleni, ukakaribia, gari likasimama.

"Majirani," Giok-lan akaanza.

"Sisikii!" Pik-ha akasema. Muziki ulikuwa unapiga kweli.

"Nilisema uongo juu ya Pik-ha!"

"Uongo gani?"

"Kwamba alikuwa anamngojea mumewe afe! Si kweli! Alimtilia chai hata baada ya kufa!"

Muziki tu. Pik-ha akatazama pembeni. Kisha akajikohoza.

"Na uso?"

"Uso wake," Giok-lan akasema, akamtazama vizuri, "uso wake ni wa kawaida!"

Watu wakacheka. Dereva akapiga honi, akaondoa gari.

"Na ndoo?"

"Ndoo iliponyoka."

"Haikuponyoka!"

"Haya, haikuponyoka! Mfuko wangu!"

Maana gari lilikuwa linakwenda na mfuko bado uko mkononi. Wakaanza kulifukuza, wanawake wawili wa miaka sabini, mmoja na gauni la harusi. Pik-ha ni mrefu. Alimpokonya mfuko, akaurusha, ukaingia. Wakarudi wameshikana, wanahema, na ndara moja ya Pik-ha imebaki barabarani. Niliiokota mimi.

Asubuhi Pik-ha alikwenda kuifuta kesi. Giok-lan alimsindikiza, asije akakosea dirisha.

Walipata mwaka mmoja tu baada ya hapo, pungufu siku chache.

Mwaka huu nyumba iliyofiwa ni yetu. Jioni ya siku aliyoanguka Giok-lan, Pik-ha aliingia bila kubisha. Akaona majani kwenye beseni, akaona sufuria mezani pale nilipoishushia. Akavibeba vyote akaenda navyo kwake. Siku ya sikukuu aliniletea kichala, na karanga tele, maana mimi nazipenda. Nikala kimoja. Chumvi ilikuwa sawasawa na ya Giok-lan, imezidi.

Ndara za Giok-lan zilikuwa bado mlangoni. Nilizitia kwenye mfuko, nikazitoa. Wiki nyingine nikazitia tena, nikasimama pale kona na wenzangu. Pik-ha akaja akasimama karibu yangu. Aliona kilichomo mfukoni. Akatazama gari mpaka nilipomaliza.

Kesho yake alinirudishia sufuria, imesuguliwa mpaka inang'aa. Nikamwambia si yangu tena. Nikampa maneno kama nilivyoyapokea, asubuhi ile nikiwa juu ya kigoda, suruali yangu imeshikwa nyuma. Giok-lan alisema hivi: "Nikitangulia mimi, sufuria hii mpe Pik-ha, yake imetoboka. Lakini mwambie nimemkopesha tu."