Viroboto Kwenye Posa ya Saidi

Haya, ninyi mnaotaka kujua kwa nini watu wa Kibombo wakiniona wanaanza kujikuna, leo nitasema mwenyewe, maana aibu ukiitoa kwa mdomo wako inapungua ukali (ndivyo ninavyojidanganya).

Ilikuwa miaka ile ya Zaire, ya kuitana sitwayeni na wanaume kuvaa koti la abakosti hata kwenye jua kali. Wazazi wetu walikuwa wamekwisha kufariki, mkubwa ndiye mimi, na mdogo wangu Saidi alikuwa amempenda Mwamini, binti wa Kibombo, mpaka chakula hakimshuki. Wakwe wakakubali kuja Kindu kwa gari la moshi: waione nyumba, mwalimu afungue kwa Fatiha na dua, tule, kisha watoe jibu. Jibu lenyewe lilikuwa mikononi mwa shangazi yake Mwamini, mwanamke ambaye, tuliambiwa, akiingia kwako anapitisha kidole chini ya sufuria.

Sasa, mimi nilikuwa na paka, Malaika, mweupe kabisa, na Malaika alikuwa na viroboto.

Jirani yangu, Mama Feruzi, akaniambia mapema, “Mama, chukua sabuni na kichanuo, umuogeshe, umuchane kila siku. Viroboto itaisha.” Lilikuwa jibu zuri na ningelifuata, hadithi ingeishia hapa, lakini mimi ni mtu wa kutaka kujua, nikimwona mtu anapaa samaki lazima nimwulize kwa nini ameanzia mkiani, na sabuni nikaiona jambo la kawaida mno. Nikaingia sokoni kuuliza. Mmoja akasema mafuta ya taa (nikanusa chupa, nikajifikiria mimi mwenyewe nimepakwa, nikaacha). Mwingine akasema mawese, eti viroboto wanakosa pumzi. Nikajaribu kidogo mgongoni, Malaika akayaramba yote, akaja kuomba mengine. Nikaenda kwa muuza dawa, nikaona kopo la pudre, dawa ya unga, lenye picha ya mbwa, nikauliza kama paka naye si mbwa mdogo tu.

“Hapana, sitwayeni,” akasema. “Hii ni ya imbwa. Paka anajirambaga mwili muzima. Ukimupaka hii, utamuzika.”

Ndipo nikakutana na mama mmoja wa Punia, muuza tumbako. “Kiroboto hapendake tumbako,” akasema. “Weka majani fasi paka analala, utaona.” Basi hapo moyo wangu ukafurahi, maana hilo lilikuwa jambo la kuchunguza! Nikatandika majani kwenye kikapu cha Malaika, na kila asubuhi nikawa nakikung'uta juu ya kitambaa cheupe, nimepiga magoti, macho yamekaribia kugusa kitambaa. Hakuna kiroboto. Kesho yake, hakuna. Nikatangaza mtaa mzima kwamba nimewashinda, na Mama Feruzi nikamwambia akae na kichanuo chake.

Nilichosahau kuuliza, mimi niliyeuliza kila kitu, ni kama paka mwenyewe bado analala humo. Halali! Harufu ilimshinda siku ile ile, akahamia stoo pamoja na mizigo yake, akalala juu ya mikeka ya wageni niliyoirithi kwa mama, ile inayotoka kwa sikukuu na maiti tu. Hilo nililijua nikiwa nimechelewa.

Wageni wakafika. Mikeka ikatandazwa uani, viatu vikavuliwa, wanaume na kanzu zao nyeupe upande huu, wanawake upande ule, mimi kando ya shangazi. Alikuwa amekwisha kupitisha kidole chini ya sufuria, akakitazama, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Saidi akanikonyeza.

Mwalimu akainua mikono, nasi tukainua. Fatiha ikapita salama. Dua ilipoanza nikasikia kitu kwenye muundi. Kisha pajani. Na mnajua dua, mikono iko juu, viganja wazi, huwezi kujikuna! Mwalimu anamwombea Saidi, anamwombea Mwamini, watoto wao, wajukuu, marehemu wa pande zote mbili, na mimi natazama kidoa cheusi kinapanda kanzu ya mjomba wa Mwamini, kinatua, kinapanda tena. “Amina” zetu zikaanza kutoka kwa kurukaruka. Mwalimu alikuwa ameanza kuwaombea walio safarini, ghafla macho yakamtoka, akamaliza dua yote kwa pumzi moja, na mikono yetu, badala ya kupanguza nyuso, ikashuka miguuni.

Hapo Malaika akatoka stoo, akajinyoosha, akalala katikati ya mkeka wake.

“Mama,” shangazi akaniuliza, anajikuna taratibu, “huyu paka analalaga wapi?”

“Kwa kikapu, shangazi. Nilimuwekea tumbako, viroboto ilikimbia.”

“Ilikimbia kwenda wapi?”

Nyuma ya ua nilimsikia Mama Feruzi anacheka hadi anakohoa. Wageni wakala wamesimama, wakasema jibu litakuja, wakawahi gari la moshi. Saidi alikaa chini, akaniambia, “Yaya, dada yangu, si ungechukua sabuni tu?” Nililia, jamani. Kumkosesha mdogo wangu mke kwa sababu ya majani ya tumbako!

Jibu lilichelewa mpaka Saidi akakonda. Mwishowe msafiri mmoja akatuletea maneno ya shangazi: “Viroboto yenu ilifika salama. Ilikunywa damu ya Saidi, ikakunywa ya miye. Damu imekwisha kuchanganyika, sasa mutoto tutamunyima namna gani? Mukuje. Lakini arusi itafanyiwa kwetu.”

Tukaenda Kibombo. Watu wote wakakaa mkekani, mimi peke yangu nikaletewa kiti, nikakikalia kwa maringo, nikidhani ni heshima ya dada mkubwa, mpaka nilipomwona shangazi anainama kuchungulia chini yake.

Siku hizi natumia sabuni na kichanuo, na tumbako naiachia wenye kuivuta. Kiti kile, nikienda Kibombo, bado kinaningoja.